Jumuiya Ndogo na Mkristu Aliye Mbali na Kwao

Juma hili twapenda kuwapeleka kwa mawazo mpaka Matemwe, kijiji cha pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja, kinachotazamana na kisiwa kidogo cha Mnemba. Huko maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana. Wanawake huenda kutunza mwani wao na kutafuta pweza, na ngalawa hulala mchangani zikingoja maji kujaa. Wenyeji wa kijiji ni Waislamu karibu wote. Lakini tangu hoteli za watalii zilipoanza kujengwa katika pwani hiyo, wamekuja pia watu wengi wa bara: wapishi, wahudumu wa meza, walinzi, mafundi wa umeme, watandika vitanda. Kati ya hao wamo Wakristu, na kati ya Wakristu hao wamo Wakatoliki. Somo letu lawahusu hao kwanza, na kwa njia yao lazihusu jumuiya zetu zote.

Tumchukue kijana mmoja kwa mfano. Jina lake si kitu, maana wapo wengi wa namna yake. Ametoka Moshi, au Songea, au Mwanza. Huko alibatizwa angali mtoto mchanga, akapata Komunyo ya kwanza na Kipaimara, akaimba kwaya, akamtumikia padre altareni. Alisomea upishi, akapata kazi Unguja, akavuka bahari na sanduku moja. Amepanga chumba kijijini. Hotelini kazi huenda kwa zamu, na Dominika huenda ndiyo siku ambayo wageni wengine huondoka na wengine huingia, hata mkubwa wake hawezi kumpa ruhusa. Siku yake ya kupumzika ni Jumanne. Mjini ni mbali, yapata kilomita 50, na akifika huko Jumanne adhuhuri Misa ya asubuhi imekwisha zamani. Dominika ya kwanza anasikitika. Ya pili anasali peke yake chumbani. Ya tatu amechoka, analala. Baada ya miezi sita hakuna aliyemsikia akiikana imani yake, wala mwenyewe hakuikana. Ameacha tu kuitumia, na hapana mtu aliyegundua.

Neno hilo la mwisho ndilo linalotuuma. Hapana mtu aliyegundua. Mama yake yuko ng'ambo, na katika simu kijana humwambia kwamba yu mzima. Padre hamjui, wala hatuwezi kumlaumu padre mwenye eneo pana kwa kutomjua mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Parokia iliyomlea kijana huyu ilifanya kazi yake vema, lakini kwake sasa ni fimbo ya mbali. Yatupasa tuulize: fimbo ya karibu ni ipi?

Jibu la Kanisa katika nchi zetu lajulikana: ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristu. Wengine hudhani kwamba jambo hili ni mtindo wa juzi ulioletwa ili kuongeza vikao. Sivyo. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikubaliana kwamba uhai wa Kanisa nchini mwao ujengwe juu ya jumuiya zilizo hai, na mpaka leo Wakristu wengi wa Kongo ya mashariki huiita jumuiya yao shirika. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikutana Nairobi wakasema kwamba maisha ya Kanisa hayana budi kujengwa mahali watu wanapoishi na kufanya kazi kila siku, katika makundi madogo ambamo mtu aweza kumjua mwenzake kweli kweli. Mwaka 1976 walirudi kulizungumza jambo hilo hilo, wakalifanya kuwa kazi ya kwanza ya uchungaji. Hapa Tanzania, Marehemu Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge hakuishia kuandika barua tu; alikwenda kuishi na wanakijiji wa ujamaa, akashika jembe pamoja nao. Na baada ya Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika mwaka 1995 kwamba Kanisa, ambalo ni Familia ya Mungu, lahitaji jumuiya hizi ili familia hiyo ionekane kwa macho.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Parokia ni kubwa. Siku ya Dominika Mkristu humwona mwenzake kisogo. Huimba naye, hupeana naye mkono wa amani, kisha kila mmoja hushika njia yake. Aweza kufanya hivyo miaka kumi bila kujua kwamba mwenye kisogo kile ana mke mgonjwa. Katika kundi la watu kumi au kumi na watano waliokaa juu ya mkeka hapana mahali pa kujifichia.

Lakini Zanzibar ina sababu nyingine zaidi, nayo imo katika historia yake. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki wa zama hizi walifika Unguja Desemba 1860, wakiongozwa na Padre Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi ilishikwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner. Kati ya watu wa kwanza waliokusanyika kwao walikuwamo watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Hao hawakuwa na ukoo hapa. Walinyakuliwa makwao, kila mmoja kwa lugha yake, na wengi wao hawakujua tena njia ya kurudi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Baadaye kanisa la Mtakatifu Yosefu lilipojengwa mwishoni mwa karne ile, hilo watu wa mjini waliitalo Minara Miwili, sehemu kubwa ya waliolijaza walikuwa Wagoa, watu waliovuka bahari kubwa kuja kutafuta kazi. Wengi wa Wagoa hao waliondoka baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Wakaja askari, walimu na makarani wa bara. Sasa wamekuja watu wa hoteli. Kwa hiyo mpishi wetu wa Matemwe akidhani kwamba yeye ni Mkristu wa ajabu kwa kuwa mgeni, aambiwe kwamba Kanisa la kisiwa hiki limejengwa na wageni tangu siku yake ya kwanza, na kwamba watu wasio na ndugu hapa ndio hasa waliofanywa ndugu.

Hata katika Maandiko Matakatifu mambo yalikuwa hivyo. Tusome sura ya 18 ya Matendo ya Mitume. Priskila na Akula mumewe walikuwa wamefukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wenzao kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakahamia Korinto. Walikuwa mafundi wa mahema. Mtakatifu Paulo alipofika mjini humo alikaa kwao, na Maandiko yatoa sababu iliyo wazi kabisa: kazi yao ilikuwa moja. Walianza na ufundi, mengine yalifuata. Baadaye twasikia katika barua za Paulo kwamba waamini hukusanyika nyumbani mwa watu hao wawili, na Apolo, msemaji hodari ambaye mafundisho yake yalikuwa bado na upungufu, walimchukua kando wakamfundisha vizuri zaidi, bila kumwaibisha mbele ya watu. Twaomba wasomaji walitazame jambo hilo la kumchukua mtu kando. Haliwezekani katika mkutano wa watu mia tano.

Sasa tufike penye kiini. Watu wengi hufikiri kwamba jumuiya njema ni ile ya marafiki: wanaopatana kwa umri, kwa kabila, kwa cheo, kwa namna ya kusali. Sisi twasema jumuiya haianzi kwa urafiki. Huanza kwa ujirani. Rafiki humchagua mwenyewe, jirani hupewa. Katika nyumba zile za kupanga karibu na hoteli, jirani yako Mkatoliki aweza kuwa mlinzi wa usiku mwenye umri wa baba yako, au msichana wa kufua nguo asemaye Kiswahili cha kwao chenye kukuchekesha, au karani wa mapokezi anayejiona bora kuliko wote. Usingemchagua hata mmoja. Lakini hao ndio Mungu aliowaweka karibu na mlango wako, na urafiki, kama utakuja, utakuja baadaye, katika kubebana. Papa Paulo VI, alipoandika juu ya jumuiya hizi mwaka 1975, alizisifu sana, lakini pia alionya juu ya makundi yanayojitenga na Kanisa na kujiona kuwa wao peke yao ndio Wakristu wa kweli. Kundi la marafiki waliochaguana huelekea huko upesi.

Kipimo chetu cha jumuiya basi ni kimoja na ni rahisi: mtu akikosekana, je, yuko atakayekwenda kumbishia hodi? Haitoshi kumwandikia ujumbe wa simu. Makundi ya simu yana faida yake, hasa kwa watu wa zamu, lakini twaona jinsi yanavyojaa picha za salamu za asubuhi huku aliye mgonjwa akisomewa pole na watu thelathini na kupelekewa uji na mtu mmoja tu, au na hapana.

Tukitumia kipimo hicho, tusidanganyane, jumuiya zetu nyingi ni dhaifu. Udhaifu wa kwanza ni ule wa karatasi. Katika parokia nyingi mtu akitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa huulizwa barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake. Desturi hiyo ina maana njema, lakini imezaa Wakristu wa sahihi, wanaoonekana juma tatu kabla ya ubatizo na kupotea siku ya pili yake. Na wapo viongozi walioifanya sahihi hiyo kuwa fimbo. Twajua familia zilizopewa majibu makali msibani, marehemu bado yu ndani, kwa sababu jina lake halikuwamo daftarini. Twauliza kwa upole: kama hamkumjua alipokuwa hai, lilikuwa kosa la nani? Yeye hakuja, ni kweli. Nanyi hamkwenda.

Udhaifu wa pili ni michango. Zaka ni wajibu, na ujenzi wa kanisa ni kazi yetu sote, hatusemi vinginevyo. Lakini palipo na sala ya dakika tano na hesabu ya bahasha ya dakika arobaini, maskini hujifunza kukaa nyumbani. Kijana ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili hatakuja mahali ambapo atasomewa deni lake mbele ya wote.

Jinsi ya kukutana imekwisha kupangwa vizuri, na yafaa tuikumbushe. Njia ya hatua saba, iliyoenezwa na Chuo cha Lumko cha Afrika ya Kusini, hutumiwa katika jumuiya nyingi za nchi zetu. Kwanza mmoja humkaribisha Bwana kwa sala fupi. Pili husomwa sehemu ya Injili. Tatu kila apendaye hutamka tena neno au fungu dogo lililomgusa, bila maelezo. Nne wote hunyamaza. Tano kila mmoja husema Neno hilo limemwambia nini moyoni. Sita jumuiya huuliza ni kazi gani wanayotumwa kuifanya. Saba husali kwa maneno yao wenyewe.

Tumeona kwamba hatua mbili huruka-rukwa: ya nne na ya sita. Kimya hutuogopesha, mara kiongozi huanzisha wimbo. Na kiongozi mwenye kipaji cha kusema hugeuza hatua ya tano kuwa mahubiri. Tumkumbushe kijana Eutiko wa Troa, aliyeketi dirishani huku Paulo akiendelea kusema mpaka usiku wa manane, akasinzia akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alimfufua. Wenyeviti wetu hawana karama hiyo, basi wafupishe maneno. Hatua ya sita nayo huachwa kwa sababu ina gharama. Ni hapo ambapo mmoja husema: yule dada wa hoteli ya pili hajaonekana tangu juma lililopita, nani atakwenda? Jumuiya isiyofika hatua ya sita imesoma Injili kama mtu asomaye barua ya mwingine.

Watu wa zamu watasema: twaweza kukutana lini? Jumuiya haifungwi na siku. Kama wengi wako huru Jumanne saa kumi alasiri, basi Jumanne. Kama zamu zimegawa watu nusu kwa nusu, wakutane mara mbili, watano asubuhi na saba jioni. Na kwa Dominika, Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, zashauri kwamba pasipo padre, au penye sababu nyingine kubwa ya kumzuia mtu kushiriki Misa, waamini wafanye ibada ya Neno, au wasali kwa muda wa kutosha peke yao, au katika familia, au ikifaa familia kadhaa pamoja. Hiyo si Misa, wala tusiseme kwamba yatosha badala yake daima; anayeweza kupata ruhusa ya Dominika moja kwa mwezi na aende kwenye Misa, na jumuiya ichangie nauli ya asiye nayo. Lakini kukusanyika kwa Neno ni mbali sana na kulala kitandani.

Tena, tusisahau kwamba wako Wakristu wengine katika nyumba zile zile, wa madhehebu mengine, nao hukusanyika. Mara nyingine Mkatoliki mpweke huvutwa huko. Hatuwalaumu wenzetu hao. Wao walibisha hodi; sisi hatukubisha.

Lipo neno la kusema pia juu ya majirani wetu Waislamu, maana katika Matemwe ndio wenye kijiji. Mkristu aliyepanga chumba aombe idhini ya mwenye nyumba kabla ya kuwaita watu kumi kuja kusali humo. Ni adabu, na mara nyingi ni chanzo cha heshima. Asipaze sauti usiku. Mwezi wa Ramadhani asile wala asinywe hadharani mchana, kwa utu. Jirani akifiwa, jumuiya iende kutoa pole, kama wenyeji nao wajavyo kwetu. Hatukusahau majonzi ya mwaka 2013, Padre Evarist Mushi alipopigwa risasi na kuuawa, Dominika tarehe 17 Februari, alipokuwa akienda kuadhimisha Misa. Siku zile hofu iliwaingia wengi, na hofu humfanya mtu ajifungie ndani. Lakini anayejulikana kwa jina na mwenye duka, na bibi wa mwani, na watoto wa njiani, huogopa kidogo kuliko yule anayeishi kijijini miaka mitatu kama mpita njia.

Mwisho kuna taabu ya msimu. Masika yakifika, mwezi wa Aprili na wa Mei, watalii hupungua, hoteli nyingine hufunga, na mikataba hukoma. Jumuiya iliyokuwa na watu kumi na wanne hubaki na watano. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari za dunia, wafanyakazi wengi walirudi makwao kwa ghafula, na vyumba vikabaki vitupu. Wengine hukata tamaa hapo: ya nini kujenga kitu kinachobomoka kila mwaka? Twajibu kwamba Priskila na Akula nao walihama, kutoka Korinto hata Efeso na kurudi tena Roma, na kila walipofika walifungua mlango wa nyumba yao. Aondokaye Matemwe hajatoka katika Kanisa. Basi jumuiya iwe na daftari moja, si la michango, bali la watu: jina, parokia ya kwao, siku ya kuzaliwa, namba ya simu ya ndugu wa karibu. Namba hiyo ya ndugu si jambo dogo. Mtu akizidiwa na homa usiku wa manane, au akifa, na maiti haina budi kuvushwa bahari, ndipo hujulikana kama alikuwa na jumuiya au alikuwa na chumba tu. Na aondokapo, katibu amwandikie barua fupi ya kumkabidhi kwa jumuiya ya huko aendako.

Kwa juma hili, jumuiya zisome Matendo ya Mitume 18, aya ya 1 hadi ya 4, kwa hatua saba zote bila kuruka. Kabla ya kufika hatua ya sita kila mmoja ajiulize kimya ni Mkatoliki gani anayefanya kazi au anayeishi karibu naye ambaye hajapata kumwona kwenye mkeka. Jina likitajwa, wachaguliwe wawili, mmoja awe wa kazi moja na mtu huyo ikiwezekana, waende kabla ya kukutana tena. Wasibebe bahasha wala daftari. Wakimkuta anapika, waketi wangoje chakula.